Sura ya Sita: Mkono Unaoshika Kichaka

Mwangalie mtu aliyeshinda wiki nzima akifyeka shamba lililoota pori huko Nkwenda au Bugene, kisha mwombe akuoneshe mikono yote miwili. Kama ni mtu wa kulia, mkono wa panga utakuwa na lengelenge moja au mawili chini ya vidole, na pengine sugu za zamani. Mkono wa kushoto ndio wenye habari. Mikwaruzo imepita juu ya vifundo vya vidole, miiba imekatikia ndani ya ngozi ubavuni mwa kidole cha shahada, na mistari myekundu imepanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi nusu ya mkono. Wa kulia unashika mpini, na mpini uliolainishwa na miaka ya jasho haumchomi mtu. Wa kushoto ndio unaoinamisha kichaka ili kikatwe, unaovuta shina lililonasa kwenye mengine, unaokusanya matawi na kuyatupa kwenye lundo.

Ukienda dukani utauziwa jozi. Glavu mbili za aina moja, zimebanwa pamoja kwa kipande cha plastiki, kana kwamba mikono yote miwili inakwenda kufanya kazi moja. Ushauri wangu, na ndio utakaoongoza sura hii, ni kwamba usinunue kwa kufikiria jozi. Amua kwanza mkono wako wa kushoto unakwenda kushika nini, uutafutie kinga yake, halafu ndipo uufikirie wa kulia. Watu wa mashoto wageuze kila nitakachosema.

Pori la Karagwe na Kyerwa si la aina moja. Kibanja cha migomba na kahawa kinapokosa mwenyewe, msimu wa kwanza huota kishonanguo, sangari na majani marefu, na hayo ni ya kero tu. Baadaye lantana hujipenyeza kutoka kwenye uzio au kando ya njia, na ikishika mizizi inageuka ukuta. Wengi wanaijua kwa vishada vya maua yake ya njano na waridi, na wafugaji wanaijua kwa kuwadhuru ng'ombe wanaoila. Wewe unayekwenda kuikata angalia shina. Lina pembe nne, na kwenye pembe hizo kuna vimiiba vidogo vilivyopinda kurudi nyuma. Mkono ukiingia kichakani huvisikii. Ukiutoa, vyote vinakamata.

Upande wa nyika hali ni nyingine. Migunga ina miiba mirefu, imara, iliyonyooka, na haikwaruzi bali inazama. Chini yake kuna ndulele, ambayo miiba yake iko hadi kwenye majani. Mabondeni, kuelekea Mto Kagera, yapo mabingobingo, ambayo hayana mwiba hata mmoja lakini majani yake yana ukingo unaokata na vinyweleo vinavyoingia kwenye ngozi ya kifundo cha mkono na kuwasha hadi usiku.

Hayo ni mahitaji matatu tofauti. Kimiiba kilichopinda kinashindwa na uso laini ambao hakina pa kung'ang'ania. Mwiba ulionyooka unashindwa na unene tu. Vinyweleo vinashindwa na glavu inayobana vizuri mkononi na haiachi mwanya kati yake na shati. Hakuna glavu moja inayofanya yote matatu vizuri, na anayekuambia ipo anauza.

Watu hudhani pori hili ni la asili, kwamba limekuwepo na sisi ndio tunaoliingilia. Historia ya Karagwe inasema vingine. John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta nchi iliyojaa ng'ombe, na malisho yanayoliwa kila siku na kuchomwa kila mwaka hayapi kichaka nafasi. Sotoka ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwamaliza ng'ombe, nyasi zikabaki bila mdomo wa kuzila, vichaka vikapanda, na mbung'o wakafuata vichaka. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika, aliandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall, ikachapishwa mwaka 1947, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971 alirudi tena kwenye nchi hii na jirani yake Ankole. Alichokiona ni kwamba mdudu hushindwa pale watu na mifugo wanapoishi kwa wingi na kuitunza ardhi, na hurudi wanapopungua.

Karibu karne moja baada ya sotoka likaja janga jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vibanja vingi mkoani vilibaki mikononi mwa bibi na wajukuu, au havikubaki mikononi mwa yeyote. Baadhi ya mashamba ambayo vijana wanayarudia leo yalifungwa wakati ule. Ndiyo maana unaweza kufyeka lantana ukakuta katikati yake mbuni mzee ungali hai, au safu ya mawe ya mpaka ambayo babu mmoja aliipanga. Fyeka kwa macho.

Na fyeka ulipo na haki ya kufyeka. Mwaka 2019 mapori ya akiba yaliyokuwa jirani yetu yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, na mpaka wa hifadhi haupimwi kwa mazoea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mabingobingo na mafunjo yaliyo ndani ya mita hizo yaache yasimame.

Sasa twende dukani. Omurushaka na Kayanga, Nkwenda na Murongo, glavu huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mara chache kwenye maduka ya pembejeo, na siku ya gulio utazikuta pia kwenye marundo ya mitumba. Aina utakazokutana nazo ni nne au tano tu. Zipo nyeupe za uzi, nyingine zikiwa na vidoti vya plastiki kiganjani. Zipo za kusuka zilizochovywa mpira upande wa kiganja. Zipo za ngozi zenye mgongo wa kitambaa cha mistari, ambazo mafundi wa ujenzi wanazipenda. Zipo ndefu za mafundi wa kuchomelea. Na mara moja moja, hasa mitumbani, utaangukia za ngozi tupu mbele na nyuma.

Nyeupe za uzi ziweke chini mara moja ikiwa unakwenda kwenye lantana. Kila kimiiba kilichopinda kinapata uzi wa kunasa, na mkono wako unakuwa umefungwa kwenye kichaka. Asubuhi kuna umande mzito kwenye vilima hivi vinavyopita mita 1,500, na kitambaa kilicholowa hulainisha ngozi ya kiganja, ambayo ikishalainika hutoa malengelenge upesi kuliko mkono mtupu. Glavu hizo zina kazi yake, ya kubeba matofali au kupakia mikungu ya ndizi.

Za ngozi zenye mgongo wa kitambaa ndizo zinazodanganya wengi, kwa sababu ukizishika kiganjani ni nzito na imara. Kumbuka mkono wa kushoto tuliouangalia mwanzo. Kiganja chake kilikuwa na majeraha machache, yaliyojaa yalikuwa juu ya vifundo na pembeni mwa vidole, sehemu zile zile ambazo glavu hii imezifunika kwa kitambaa chembamba. Mwenye sugu ana kinga ya kiganja tayari. Alichokosa ni kinga ya mgongo wa mkono, na hapo ndipo pesa yako iende. Karagwe ya kale ilisifika kwa kufua chuma, hata watawala wake waliweka nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma miongoni mwa vitu vya ufalme. Panga, jembe na muhoro viliheshimiwa, kiganja kikaachiwa sugu, na naona bado tunanunua kwa fikra hiyo.

Kwa hiyo kwa mkono wa kushoto tafuta ngozi mbele na nyuma. Kama chaguo lipo, ngozi ya mbuzi ni bora kwa lantana, kwa kuwa ni nyembamba lakini ngumu kuchanika, na uso wake laini unavifanya vimiiba viteleze. Ngozi ya ng'ombe huja kwa namna mbili. Tabaka la nje, lililokuwa na manyoya, ni laini na hudumu. Tabaka la ndani lina vinyuzinyuzi pande zote, ni la bei nafuu, na ndilo linalotumika kwenye glavu nyingi za kuchomelea. Vinyuzi hivyo hunasa vimiiba kidogo, lakini unene wake unaistahimili migunga. Mimi kwa kichaka kilichochanganyika huchukua glavu ya fundi wa kuchomelea kwa mkono wa kushoto, nikijua nitatoka jasho na vidole vitakuwa vizito. Inafika karibu na kiwiko, na hilo peke yake linaondoa nusu ya mikwaruzo.

Kabla hujalipa, fanya mambo haya pale pale kaunta, hata muuzaji akikunja uso. Kunja ngozi kwa nguvu na uiangalie kwenye mkunjo. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo na kurudi. Ya bandia hutoa ufa mweupe, na ukichungulia ndani utaona kitambaa kilichobandikwa plastiki. Dondosha tone la maji. Kwenye ngozi litafifia taratibu na kuacha doa jeusi. Kwenye plastiki litakaa juu likingoja kumwagika. Glavu za ngozi bandia huonekana vizuri siku tatu.

Kisha achana na ngozi, tazama mshono, maana glavu nyingi hufia kwenye mshono ngozi ikiwa bado nzima. Ingiza mkono, tanua kidole gumba mbali na shahada kadiri uwezavyo, na uinue panda hiyo kuelekea mlangoni ambako kuna mwanga. Ukiona nukta za mwanga kati ya tundu na tundu, mshono umeshonwa kwa haraka na utaachia hapo hapo, kwa sababu panda ya gumba ndiyo inayobeba mzigo kila unapovuta shina. Mshono mzuri una utepe mwembamba wa ngozi uliobanwa katikati ya vipande viwili, ili mwiba usiukute uzi. Uzi wenyewe una siri yake. Karibu kila glavu ina ncha ya uzi iliyoning'inia. Ikate, na ukiwa nje ya duka iguse kwa kiberiti. Uzi wa pamba utaungua na kuwa majivu yenye harufu ya karatasi. Wa nailoni utayeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu. Pamba huoza kwa jasho na umande. Kama ni pamba na glavu nyingine zote za pale dukani ni hivyo hivyo, nunua tu, dawa yake ipo kwa fundi viatu, tutafika.

Kwenye glavu za viwandani utaona mara nyingine alama ya ngao yenye nyundo, na juu yake maandishi EN 388. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha hatari za kukwaruza, kukata na kutoboa, na toleo lake la mwaka 2016 ndilo linaloonekana zaidi. Chini ya ngao kuna tarakimu nne. Ya kwanza, kutoka 0 hadi 4, inasema glavu inastahimili msuguano kiasi gani, na 4 maana yake ilisuguliwa mizunguko 8,000 kabla ya kutoboka. Ya pili, inayofika 5, ni ya kukatwa na wembe unaozunguka. Ya tatu ni ya kuchanika na ya nne ni ya kutobolewa. Baada ya hizo huja herufi, ya kwanza ikiwa kipimo kingine cha kukatwa. Kwa kazi yetu soma ya kwanza, ya tatu na ya nne, na uwe na shaka na chochote kilicho chini ya 3. Ngao isiyo na tarakimu haikuambii kitu, ni picha.

Hata hivyo tarakimu ya nne isikutie kiburi. Kiwango cha 3 kina maana kwamba glavu ilihimili nguvu ya nyutoni 100, karibu sawa na uzito wa kilo 10, lakini iliyosukumwa ni pini ya chuma yenye ncha nene kuliko ya mwiba wa mgunga. Nguvu hiyo hiyo ikikusanyika kwenye ncha nyembamba inapenya. Tena vipimo hivi hufanyika kwenye kiganja. Mgongo wa mkono, ambao ndio tunaouhangaikia, haukuulizwa.

Mkono wa kulia hauna makuu. Kinachotakiwa kwake ni kutoachia. Glavu nene hupunguza nguvu ya kushika, hilo limepimwa mara nyingi, na panga linaloteleza kutoka kwenye glavu kubwa linaruka kwa aliye karibu. Hapa za kusuka zilizochovywa mpira kiganjani ndizo zinazofaa. Zinabana, zinashika mpini hata wenye umande, na mgongo wake unapitisha hewa. Kwa fyekeo zivae mikono yote miwili, maana fyekeo halihitaji mkono wa kushika kichaka. Na kama sugu zako zimekomaa na mpini ni wako wa miaka yote, mkono wa kulia mtupu si dhambi.

Ukubwa ndio unaoamua mengine yote. Watengenezaji hutumia namba, kwa kawaida 6 hadi 11, na namba hiyo inakaribiana sana na mzingo wa kiganja kwa inchi. Mwombe fundi cherehani futi yake ya kamba, zungushia kiganja juu kidogo ya panda ya gumba, gumba likiwa nje, na usome inchi. Ukipata 8, mkono wako ni namba 8. Huna futi, tumia kamba ya mgomba kisha uipime kwenye rula ya mtoto wa shule. Maduka yetu hujaza namba 9 na 10, yaani mikono ya wanaume wakubwa, ilhali kazi kubwa ya kusafisha na kupalilia katika vibanja vyetu inafanywa na wanawake, ambao wengi ni 7 au 8. Ncha tupu ya kidole mbele ya kucha hujikunja kwenye mpini, hunaswa kwenye tawi, na mwishowe mama anaivua glavu na kuitupia mgombani. Muuzaji akiulizwa namba 7 na wateja watano ataileta. Asipoulizwa hataileta, na simlaumu.

Kuna mambo ambayo glavu haiyawezi, na hatari yake ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kuyajaribu. Kifutu hulala kimya chini ya majani makavu na hakimbii akisikia hatua. Ngozi ya mbuzi si kinga ya meno yake. Kabla ya kupenyeza mkono chini ya kichaka au kuinua gogo, piga kwanza kwa fimbo ndefu, kisha uvute kwa kijiti chenye panda. Manyigu hivyo hivyo, wana tabia ya kujenga ndani ya lantana mahali ambapo mkono hufika kabla ya jicho.

Uzio wa minyaa ni mtihani mwingine. Utomvu wake mweupe unachoma ngozi na ukifika jichoni unaweza kuliumiza vibaya, na glavu ndiyo inayoupeleka huko, kwa sababu mtu mwenye jasho hujifuta uso kwa mgongo wa mkono bila kufikiri. Ukikata minyaa funga kitambaa kichwani kinachozuia jasho, weka ndoo ya maji safi karibu, na glavu za siku hiyo zioshe kabla ya kuzitumia kwingine.

Dawa ya kuua magugu isiguse glavu ya ngozi wala ya uzi. Zote mbili hunywa, kisha huirudisha dawa kwenye ngozi yako kidogo kidogo kila zinapolowa jasho. Kupulizia kuna glavu zake, za mpira mzito, ndefu, zisizo na bitana, nazo huoshwa zikiwa mkononi kabla ya kuvuliwa. Ngozi iliyomwagikiwa dawa itupwe. Najua inauma.

Kwenye kibanja kuna jambo kubwa kuliko yote hayo. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uliingia Kagera mwaka 2006, na umekula migomba mingi kuliko dhoruba yoyote. Bakteria huyo anakaa kwenye utomvu, na njia yake mojawapo kubwa ni panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Mabwana shamba wamehubiri miaka yote kwamba panga lipitishwe kwenye moto au lioshwe kwa Jik kati ya shina na shina, na watu wengi sasa wanafanya. Glavu iliyolowa utomvu ule ule wanaisahau. Ichukulie kama panga. Ukikuta mgomba uliokauka majani ya kati au ndizi zilizoiva ovyo huku ndani zikiwa na rangi ya kahawia, vua ya ngozi, ambayo huwezi kuichoma wala kuiloweka Jik bila kuiharibu, uvae ya mpira inayooshika. Shina gonjwa likishakatwa, osha glavu zikiwa mkononi pamoja na panga, kisha ndipo uende kwa mgomba mwingine. Bora zaidi, kazi ya migomba migonjwa uifanye siku yake, peke yake.

Wengi wetu hatufyeki wenyewe, tunaweka vibarua. Anakuja kijana na panga lake, mmepatana kwa kipande, na hana glavu wala hajaomba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kinga, lakini tuseme ukweli, hakuna mkaguzi atakayekuja Kaisho kuangalia mikono ya kibarua wako. Kijana mwenyewe atakuambia glavu zinamchelewesha, na saa mbili za kwanza atakuwa anasema kweli. Mpe hata hivyo, walau ya mkono wa kushoto. Siku ya pili mwiba uliozama kwenye kiungo cha kidole utakuwa umevimba, na kipande kitabaki nusu.

Na mwiba si uvimbe tu. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na hupenda jeraha jembamba, refu, lililojifunga juu na kukosa hewa chini, yaani tundu la mwiba. Mtoto hupata chanjo akiwa mchanga, mama huchanjwa tena kliniki akiwa mjamzito. Mwanaume mtu mzima hana siku inayomfikisha kwenye sindano hiyo, na yeye ndiye anayeshika panga. Kabla ya msimu wa kufyeka, pitia zahanati uulize. Mwiba ukiingia utolewe siku hiyo hiyo kwa sindano iliyopitishwa motoni, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na ukizama usikotoka mtu aende zahanati, asingoje utoke wenyewe.

Msimu wenyewe ni Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiwa zimekata na za vuli hazijaanza. Majani yamekauka, nyoka wanaonekana vizuri kidogo, na ardhi itakuwa tayari kwa maharage Septemba ikifika. Glavu zinunuliwe Mei, wakati watu wako kwenye kahawa na muuzaji ana muda wa kukufungulia mfuko.

Ukishanunua, usizivae bado. Zipeleke kwa fundi viatu, yule anayekaa pembeni mwa stendi na shazia lake, umwambie apitishe mshono wa pili wa nailoni kwenye panda ya gumba na kati ya shahada na kidole cha kati. Ni kazi ya dakika chache, na malipo yake ni madogo kuliko ya kiraka cha kiatu. Jozi niliyoiona ikipata mshono huo ilimaliza msimu mzima wa lantana. Dada yake, ya duka lile lile, iliachia kabla nusu eka haijaisha.

Baada ya kazi, ngozi iliyolowa ianikwe kivulini, vidole vikiwa juu, isiwekwe karibu na mafiga. Moto unaikausha ikawa gamba lisilokunjika. Ikishakauka, isugue kwa mikono hadi ilainike, upake samli kidogo sana kwenye mikunjo. Kidogo, kwa sababu ikizidi ngozi inalegea na mwiba unapita, na kwa sababu panya wa stoo wataila usiku mmoja. Itundike kwenye waya.

Utaona baada ya muda kwamba za kushoto zinaisha na za kulia zinabaki mpya, kwani tulizinunua jozi tukavaa moja. Kwenye nyumba nyingi za wafyekaji zimetundikwa ukutani hivyo, za kulia tupu. Glavu ya kulia haivaliki kushoto, gumba linakaa upande usio wake, na ukiigeuza nje ndani mishono itakukwangua. Ikate. Kiganja chake kinatoa viraka viwili, kimoja cha mgongo wa shahada na kingine cha panda ya gumba. Mkono wake mrefu, kama ni ya kuchomelea, ukatwe mzima uwe soksi ya mkono inayovaliwa juu ya glavu fupi. Fundi viatu atajua la kufanya. Mwambie tu ashone viraka juu ya ngozi ya zamani bila kuitoa, na mafundo ya uzi yabaki upande wa nje.